Sufuria Ndani ya Sufuria: Kuandika Skima za Kukagua Data Yenye Matabaka

Hotuba niliyoitoa Kisumu mbele ya waandishi wa programu na makarani wa data, nikaipanga upya kidogo ili isomeke.

Walimu wangu mlioketi mbele, makarani mliotoka vituoni alfajiri ili mfike hapa kwa wakati, na vijana mliojaa huko nyuma karibu na soketi za umeme, itifaki imezingatiwa. Hamjambo nyote.

Mwenyeji wetu aliponialika alinionya kwamba saa nane mchana, baada ya ugali na samaki, ukumbi wa Kisumu husinzia wenyewe, sembuse ukisomewa habari za skima. Nimelitilia maanani onyo lake, kwa hiyo sitaanza na skima. Nitaanza na maziwa.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika mfumo wa hesabu wa chama kimoja cha ushirika cha maziwa, huko milimani mashariki mwa mji huu, ambacho sitakitaja kwa sababu kosa nitakalosimulia lilikuwa langu mimi. Kila kituo cha kukusanyia maziwa kilikuwa na karani mwenye mizani na simu, na kila jioni simu ile ilituma faili moja kwenye seva yetu. Ndani ya faili mlikuwa na orodha ya vituo, ndani ya kila kituo orodha ya wakulima, ndani ya kila mkulima orodha ya safari alizoleta maziwa siku hiyo, na ndani ya kila safari mlikuwa na kilo pamoja na kipindi, yaani asubuhi au jioni. Matabaka manne, na kila kitu nilikiona kimekaa sawa.

Kituo kimoja kilikuwa bado kinatumia mfumo wa zamani uliohifadhi rekodi zake kwa XML, na katikati tuliweka programu ndogo ya kuzigeuza ziwe JSON; hizo ni namna mbili za kuandika data kama maandishi. Sasa, programu za namna hiyo zina tabia inayojulikana: zikikuta safari mbili chini ya mkulima mmoja, hujenga orodha, zikikuta safari moja tu, hazina njia ya kujua kwamba ile ilipaswa kuwa orodha yenye kitu kimoja, hivyo hujenga rekodi pekee, bila orodha. Msimbo wangu, niliouandika kwa lugha ya programu ya JavaScript, uliuliza urefu wa orodha ile ili uzunguke na kujumlisha kilo. Rekodi haina urefu. JavaScript haikulalamika, ilijibu kwamba urefu haujulikani, kitanzi kikazunguka mara sifuri, jumla ikabaki sifuri, na mfumo ukaendelea na mkulima anayefuata kana kwamba hakuna lililotokea.

Fikirieni ni nani huleta maziwa mara moja tu kwa siku. Ni mwenye ng'ombe mmoja, ambaye maziwa ya jioni huyabakiza nyumbani kwa chai na kwa watoto. Mwisho wa mwezi ulipofika, wenye ng'ombe wengi wa kituo kile walilipwa vizuri, nao wenye ng'ombe mmoja wakapewa karatasi iliyoandikwa sifuri. Mama mmoja alikuja ofisini na daftari lake la mkononi, kilo zimeandikwa kwa kalamu siku baada ya siku, akaliweka juu ya meza yangu, akaketi na kunyamaza. Nilitumia siku tatu kulitafuta kosa, kwa sababu hakuna mahali popote mfumo ulipokuwa umeandika neno "kosa".

Hapo ndipo nilipoanza kuzichukulia skima kwa uzito. Kabla ya hapo nilizidhani ni urembo wa watu wa makampuni makubwa.

Skima ni maelezo yaliyoandikwa kabla data haijafika, yanayosema data hiyo itakuwa na umbo gani: nini lazima kiwepo, nini hiari, kila kitu ni cha aina gani, na kinaweza kuwa kikubwa au kidogo kiasi gani. Wazo lenyewe si geni. XML 1.0 ilipoidhinishwa na shirika la W3C mwezi wa Februari 1998, ilikuja na njia yake ya kueleza umbo, iitwayo DTD, ambayo iliweza kusema elementi ipi hukaa ndani ya ipi, lakini haikuweza kusema kwamba yaliyomo ni nambari na si maneno matupu. XML Schema ya mwaka 2001 iliziba pengo hilo kwa gharama ya kuwa nzito kama gunia la mahindi mabichi, na mwaka huohuo James Clark na Murata Makoto wakatoa RELAX NG, ambayo mimi hadi leo naiona kuwa nadhifu kuliko zote za enzi ile. JSON iliposhika soko, ikiwa imepewa umbo na Douglas Crockford mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilikuja mikono mitupu, bila skima yoyote. Kris Zyp alipendekeza JSON Schema mwaka 2007, ikapita katika rasimu nyingi, na toleo ambalo ningemshauri anayeanza leo alitumie ni la 2020-12, ingawa mtakuta vifaa vingi bado vinazungumza rasimu ya 7. Wenye kutumia Python wana Pydantic, wenye TypeScript wana Zod, na wote hao wanafanya kazi ileile kwa lafudhi tofauti. Historia inatosha.

Aliyewahi kupita soko la Kibuye siku ya Jumapili amewaona wauza sufuria. Kubwa iko chini, ndani yake iko ya kati, ndani ya hiyo iko nyingine, mpaka unaifikia ile ya kuchemshia yai moja. Ukizitazama kwa mbali unaona sufuria moja. Mnunuzi anayejua kununua hazitazami zikiwa zimeingizana. Huzitoa moja moja, akaigonga kila moja kwa kifundo cha kidole asikie kama ina ufa, na huanza na ndogo kwa sababu ndiyo inayotoka kwanza. Skima ya data yenye matabaka nayo huandikwa hivyohivyo. Anza na kitu kidogo kabisa kilichoko ndani, kieleze mpaka umalize, kipe jina, kisha panda tabaka moja. Anayeanza nje, akaeleza faili nzima kwa mkupuo, huchoka akiwa katikati, na tabaka la ndani, ambalo ndilo lenye pesa za watu, huishia kuelezwa kwa neno moja tu: "rekodi".

Basi tuanze na kilo. Kilo ni nambari. Mtaniuliza kama hilo nalo linahitaji kuandikwa. Linahitaji, kwa sababu simu moja ilikuwa ikituma kilo zikiwa ndani ya alama za kunukuu, yaani kama maandishi. Mkulima ameleta kilo 12.5 asubuhi na kilo 8 jioni. Msimbo unaanza na sifuri, unajumlisha "12.5", na kwa kuwa upande mmoja ni maandishi, JavaScript haijumlishi bali inaunganisha: "012.5". Kisha inaongeza "8", na matokeo ni "012.58". Mahali pengine mbele maandishi hayo yanageuzwa kuwa nambari, na mkulima aliyeleta kilo 20.5 anaandikiwa 12.58. Tazameni namba hiyo vizuri. Ingekuwa kilo elfu mbili, mtu angeshtuka; 12.58 haimshtui mtu, maana imevaa sura ya maziwa ya kawaida. Skima inayosema tu kwamba kilo ni aina ya nambari ingelisimamisha faili lile mlangoni.

Upande wa pili wa kosa hilo ni nambari ya simu, ambayo licha ya jina lake si nambari hata kidogo. Hakuna anayezijumlisha nambari za simu. Ukiihifadhi kama nambari, sifuri ya mbele inapotea, na kwa JSON hata kuiandika huwezi, kwa kuwa sarufi yake hairuhusu nambari kuanza na sifuri inayofuatwa na tarakimu nyingine. Iache iwe maandishi, na ueleze mchoro wake: alama ya kujumlisha, 254, kisha 7 au 1, kisha tarakimu nane. Lakini ufunge mchoro huo mwanzo na mwisho, kwa sababu mchoro usiofungwa katika JSON Schema huridhika ukiipata sehemu yoyote ya maandishi inayofanana nao, na mtu aliyeandika simu mbili kwa mfululizo atapita bila kuulizwa.

Nikiwa hapo kwenye michoro ya maandishi, niwaombe jambo moja kwa niaba ya watu wa eneo hili. Kuna skima inayozunguka kutoka mradi hadi mradi, watu wanainakili bila kuisoma, inayosema kwamba jina la mtu ni herufi za A hadi Z na nafasi. Mtu aliyeiandika hakuwahi kukutana na Achieng'. Hakuwahi kukutana na Nyang'au wala Ng'eno. Kwa mchoro huo mmoja nusu ya ukumbi huu haina jina. Na hata ukikumbuka kuongeza ile alama iliyomo katika ng', fahamu kwamba simu nyingi huigeuza zenyewe iwe ile iliyopinda, ambayo kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa, hivyo lazima uamue kupokea zote mbili na kuzisawazisha baadaye. Mimi kwa majina huweka masharti mawili tu: yasiwe matupu, na yasizidi herufi mia moja. Wala siwalazimishi watu kuwa na majina matatu.

Tupande tabaka moja. Safari ni rekodi yenye kilo na kipindi. Hapa ndipo wengi huanguka, nami nilianguka nikiwa nimeshajifanya mjuzi. Baada ya aibu ya yule mama mwenye daftari, niliandika skima yangu ya kwanza kwa fahari. Nilieleza kwamba kila kitu ndani ya "safari" kiwe na kilo za aina ya nambari. Nikachukua lile faili lililoniadhiri, nikalipitisha kwenye skima, na skima ikaniambia: faili ni sahihi.

Nilidhani programu ya ukaguzi imeharibika. Haikuwa imeharibika. Katika JSON Schema, neno linaloeleza vitu vya orodha, "items", hutumika tu pale kilicholetwa kikiwa ni orodha. Kikiwa si orodha, neno hilo halina la kusema, na katika lugha hii asiye na la kusema huwa amekubali. Nilieleza vitu vya ndani bila kusema kwamba chombo chenyewe lazima kiwe orodha. Vivyo hivyo kwa "properties", linaloeleza sehemu za rekodi: usipoandika pia kwamba aina yake ni rekodi, mtu anaweza kukutumia nambari 7 peke yake na skima ikaipokea kwa mikono miwili. Na kuitaja sehemu ndani ya "properties" hakuifanyi kuwa ya lazima. Maana yake ni kwamba ikija, ije hivi. Ya lazima huandikwa tena mahali pake, chini ya "required". Rekodi tupu kabisa, isiyo na hata sehemu moja, hupita katika skima ndefu ya kurasa mbili ikiwa mwandishi alisahau orodha hiyo fupi. Tangu siku ile, skima yangu yoyote huijaribu kwanza kwa faili mbovu ninazozijua. Skima iliyopitisha faili nzuri haijanionyesha kitu bado.

Kuhusu kipindi, nilianza kwa kuomba saa. Lilikuwa wazo baya, na sababu yake ni yetu sisi wasema Kiswahili. Karani mmoja alipokea maziwa saa kumi na mbili asubuhi akaandika 12:00, kwa sababu ndivyo alivyoisema kichwani mwake. Mfumo ukasoma adhuhuri. Maandishi yake yalikuwa sahihi kwa umbo, tena sahihi kwa lugha yake, na hakuna skima duniani ambayo ingemkamata. Niliiondoa saa nikaweka maneno mawili ya kuchagua, "asubuhi" na "jioni", basi. Saa kamili simu hujiandikia yenyewe, pamoja na tarehe, kwa utaratibu wa mwaka kwanza na tofauti ya saa tatu mwishoni. Na mnapoandika kwamba tarehe iwe na umbo la tarehe kwa kutumia neno "format", someni maelezo ya chombo chenu: kwa kanuni za toleo la 2020-12, neno hilo kwa kawaida ni maelezo tu na si amri, hivyo tarehe 30 Februari inaweza kupita isipokuwa umewasha ukaguzi wake.

Sasa niseme kidogo kuhusu mahali, kwa kuwa Kisumu inatuchezea mchezo ambao Nairobi haichezewi. Kila kituo kina latitudo na longitudo. Mstari wa ikweta unapita Maseno, mwendo mfupi kutoka hapa, na kwenye ikweta latitudo ni sifuri. Katika JavaScript na katika Python, ukiuliza kwa mkato "je, latitudo ipo?", sifuri hujibu "hapana". Rekodi zikiwa zimekadiriwa kwa desimali mbili, ukanda wote wenye upana wa takriban kilomita moja unakuwa 0.00, na vituo vyote vilivyo humo vinaambiwa havikujaza mahali vilipo. Skima haina ugonjwa huo. "Required" huuliza tu kama sehemu imekuja, haijali thamani yake. Hiyo ni sababu moja ya kuitumia badala ya kurundika maswali ya "kama" ndani ya msimbo.

Kisha kuna kupinduka. Kanuni za GeoJSON, namna ya kuandika mahali kwa JSON, zimo katika RFC 7946 ya mwaka 2016 (RFC ni hati za kanuni za intaneti), nazo zinataka longitudo itangulie, ilhali watu wengi hutamka latitudo kwanza. Longitudo ya Kisumu ni kama 34.75, na latitudo ni kama -0.09. Ukizipindua, kituo chako cha maziwa kinahamia Algeria. Skima inayosema latitudo iwe kati ya -90 na 90 itakubali Algeria bila wasiwasi. Lakini ukiandika kwamba kwa mradi huu longitudo iwe kati ya 33 na 42, nayo latitudo kati ya -5 na 6, mpinduko unakamatwa papo hapo. Wekeni mipaka ya nchi mnayoifanyia kazi, msiweke ya dunia nzima.

Hata hivyo kuna kosa ambalo mipaka haitalikamata. Alama ya kutoa ikidondoka njiani, -0.09 inakuwa 0.09, na kituo cha Kisumu kinaruka kama kilomita 20 kaskazini, kikatua upande wa Vihiga. Kenya, Kenya tena. Nambari, nambari tena. Hapo lazima mtu aulize swali lingine: je, mahali hapa pako ndani ya kaunti ambayo rekodi yenyewe inaitaja, nambari 42 ya Kisumu au 38 ya Vihiga? Swali hilo halihusu umbo, na nawasihi msijaribu kulisokota ndani ya skima. Kuna awamu mbili za ukaguzi. Ya kwanza ni ya umbo, nayo ni ya skima. Ya pili ni ya maana: jumla ya kituo kulingana na jumla ya wakulima wake, mkulima kuwepo kwenye daftari la wanachama, mahali kulingana na kaunti. Ya pili huandikwa kwa msimbo wa kawaida, na raha yake ni kwamba inaandikika kwa mistari michache iliyo safi, kwa kuwa ya kwanza imeshahakikisha kwamba kilo ni nambari na orodha ni orodha.

Suala la kufunga mlango lina ubishi, nami nina upande wangu. JSON Schema kwa kawaida huruhusu sehemu za ziada ambazo hukuzitaja. Jon Postel, mmoja wa waliojenga intaneti, aliandika mwaka 1980 katika RFC 761 kwamba mtu awe mwangalifu katika anachofanya na mpole katika anachopokea kwa wengine, na wapo wanaolitumia neno hilo kama dua kila wanapoulizwa kuhusu skima legevu. Kwa mitambo ya mtandao ya wakati ule huenda ilifaa. Kwa pesa za watu, siukubali upole huo. Sehemu ya hiari iliyoandikwa vibaya, tuseme "makatto" badala ya "makato", katika skima iliyo wazi huhesabiwa kuwa sehemu ya ziada isiyo na madhara, na makato ya mkulima hayafanyiki wala hayaonekani. Katika skima iliyofungwa faili linasimama. Gharama yake naijua: siku simu zinapopata toleo jipya lenye sehemu mpya, seva yenye skima ya zamani itazikataa. Kwa hiyo kila faili na libebe nambari ya toleo lake, na seva iwe na skima ya kila toleo ambalo bado liko mikononi mwa watu. Onyo moja kwa wanaofunga: mkiunganisha skima mbili kwa "allOf", yaani data izitimize zote, na kila moja imefungwa kwa "additionalProperties", neno la kukataa sehemu za ziada, kila moja itazikataa sehemu za mwenzake, na data yenye sehemu za pande zote mbili haitapita milele. Toleo la 2019-09 lilileta "unevaluatedProperties" kwa ajili hiyo hasa.

Malipo nayo yana sura mbili: mkulima analipwa kwa M-Pesa, ambapo tunataka nambari ya simu, au kwa benki, ambapo tunataka tawi na akaunti. Njia ya haraka ni kuandika "oneOf", yaani data ilingane na sura moja tu, na kuorodhesha sura zote mbili. Inafanya kazi, ila ikikataa hunena kama shahidi asiyetaka kusema: data haikulingana na sura yoyote kati ya mbili, na chini yake linafuata rundo la makosa ya sura zote, likiwemo la kumlaumu mtu wa M-Pesa kwa kukosa tawi la benki. Afadhali kuwe na sehemu moja inayoitwa "njia", ya kuchagua "mpesa" au "benki", kisha skima iseme kwa "if" na "then" kwamba njia ikiwa hii, sehemu hizi ni za lazima. Lawama inakuwa moja, na inamfikia mhusika.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo ningependa mlibebe leo kuliko yote, nalo ni jinsi kosa linavyosemwa. Programu nyingi za ukaguzi hutaja mahali pa kosa kwa utaratibu wa RFC 6901 wa mwaka 2013, yaani njia ya mikwaju: /vituo/2/wakulima/14/safari/0/kilo. Kwetu hiyo ni anwani kamili, kila tabaka limetajwa. Kwa karani aliyeko mlimani ni kelele, tena kelele yenye udanganyifu, maana hesabu inaanza na sifuri, na mkulima wa 14 kwa kompyuta ni wa kumi na tano kwenye daftari lake. Nimewahi kumfanya karani asahihishe kilo za jirani. Ichukueni anwani hiyo, mshuke nayo ndani ya data yenyewe, mchukue jina na nambari ya uanachama, ndipo mwandike: "Mkulima nambari 0381, safari ya asubuhi: kilo zimeandikwa kama maandishi, ziandike kama nambari."

Tena yasemwe makosa yote kwa pamoja. Ajv, programu ya ukaguzi ambayo wengi wenu wa JavaScript mnaitumia, husimama kwenye kosa la kwanza isipokuwa umewasha "allErrors". Mezani pako hilo ni jambo dogo. Lakini vipo vituo ambavyo karani lazima apande kilima kutafuta mtandao. Anatuma, anaambiwa kosa moja, anashuka, anarekebisha, anapanda tena, anaambiwa la pili. Faili lenye makosa sita lilimpandisha karani wetu mmoja mara sita jioni moja ya mvua, na maneno aliyonipigia nayo simu sitayarudia mbele ya walimu.

Tuliamua pia kwamba rekodi mbovu ya mkulima mmoja isizuie malipo ya wengine mia. Faili likivunjika umbo la nje, linakataliwa lote. Lakini likiwa zima kwa nje na mkulima mmoja ana kasoro, huyo mmoja huwekwa kando kwenye orodha ya kusubiri, yenye jina lake na kosa lake, na orodha hiyo mtu halisi huisoma kila asubuhi. Bila huyo msomaji, orodha ya kusubiri ingekuwa kaburi.

Nimalizie na simu moja zaidi. Nilikuwa nimeandika kwamba kilo lazima zizidi sifuri, na nilijiona nimefanya la maana, kwa sababu sifuri ndiyo iliyoniumiza mwanzoni. Mzee mmoja, karani wa siku nyingi, akanipigia. "Mwanangu," akaniambia, "hapa nina mtu ametoka kwake gizani akafika kituoni. Laktometa imesema maziwa yametiwa maji, nimeyakataa. Lakini amefika, na anataka iandikwe kwamba amefika. Sifuri hutaki. Nimwandike wapi?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule niliongeza sehemu ya "hali", ya kuchagua kati ya "imepokelewa" na "imekataliwa", na sharti kwamba hali ikiwa imekataliwa kilo zisiwe za lazima, lakini "sababu" iwe ya lazima, nayo ichaguliwe kati ya mbili: maji, au kuchacha. Nikatuma toleo jipya kwa simu zote. Kesho yake kabla ya saa tatu mzee akapiga tena. Alinishukuru kwanza, kwa adabu yote, kisha akasema kwamba ana mtungi mbele yake ambao haukutiwa maji wala maziwa yake hayajachacha, ila yananukia moshi wa kibuyu, na kiwandani hawayataki. Nikaongeza "moshi", na toleo likapanda kutoka 1.1 hadi 1.2.